Kumlisha na Kumtuliza Sungura Mchanga: Wiki za Mwanzo Nyumbani

Maswali yanayonifikia kuhusu sungura wachanga ni yale yale. Nimpe maziwa? Mbona amejikunyata pembeni tangu jana? Karoti anazipenda, nyasi kavu hazitazami hata kidogo, nifanyeje? Nimemwona anakula kinyesi chake, anaumwa? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa siku, kuanzia kabla hajaingia nyumbani hadi atakapokuzoea.

Visa vingi ninavyosimuliwa vya sungura waliokufa ndani ya wiki mbili za mwanzo havikutokana na uzembe. Wenyewe walikuwa na mapenzi tele. Siku ya kwanza alipewa karoti, tufaha na saladi, akashikwashikwa na watoto, akaoshwa, akabadilishiwa chakula, yote ndani ya saa chache. Tumbo la sungura mchanga haliwezi kuhimili mambo hayo kwa pamoja. Kwa hiyo kanuni inayobeba hatua zote hapa chini ni moja: usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, na kila unapobadilisha kimoja, tazama kinyesi chake kabla ya kuendelea.

Umri kwanza

Usichukue sungura ambaye hajatimiza wiki 8. Najua wengi huuzwa wakiwa na wiki 5 au 6, kwa kuwa wakati huo ndipo wanapopendeza zaidi machoni. Muuzaji atakwambia ameshajua kula, na ni kweli, maana watoto wa sungura hufumbua macho wakiwa na siku 10 hivi na huanza kutafuna nyasi wakiwa na wiki karibu 3. Lakini kujua kutafuna si kuwa tayari. Kati ya wiki ya 4 na ya 8, tumbo lake linahama kutoka kwenye maziwa kwenda kwenye majani: asidi inaongezeka, na vijidudu vya kusaga nyuzi vinatafuta makao kwenye utumbo. Ukiongeza safari, woga na chakula kigeni katika kipindi hicho, anaweza kupata kuhara kunakomuua ndani ya siku moja.

Muuzaji umuulize mambo haya kabla ya kulipa: alizaliwa tarehe ngapi, anakula nini na mara ngapi, na ni dume au jike. Kisha omba au nunua chakula kile kile anachokula sasa, cha kutosha wiki mbili. Nikilazimishwa kuchagua jambo moja tu ambalo kila mgeni wa sungura alifanye, nitachagua hilo. Mwangalie pia mwenyewe: macho makavu yasiyo na matongo, pua isiyo na kamasi, meno ya mbele ya juu yakae mbele kidogo ya yale ya chini, na sehemu ya chini ya mkia iwe safi na kavu. Akiwa na uchafu mkavu ulioganda mkiani, usimchukue kwa huruma ukidhani utamponya nyumbani.

Na kama unaweza kuchukua wawili waliozaliwa pamoja, chukua wawili. Sungura ni mnyama wa kundi. Aliye na mwenzake hutulia mapema na hula mapema.

Vitu vya kuwa navyo kabla hajafika

- Nyasi kavu nyingi, zenye harufu nzuri na rangi ya kijani iliyofifia, zisizo na vumbi wala ukungu.
- Chakula cha peleti (vidonge vya chakula vilivyokandamizwa) kile kile alichokizoea.
- Bakuli zito la maji lisilopinduka, na bakuli dogo la peleti.
- Kizimba au uzio wenye nafasi: aweze kuruka mara tatu mfululizo upande mmoja, na asimame wima kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa juu. Hicho ni kiwango cha chini, maana atakua haraka.
- Kijumba cha kujifichia, hata boksi la katoni lililokatwa milango miwili. Milango iwe miwili ili asijione amenaswa.
- Trei pana ya choo, na ya kutandika humo: karatasi zilizosagwa, vidonge vya karatasi au mabua.
- Mizani ya jikoni.
- Namba ya simu ya daktari wa wanyama aliyewahi kutibu sungura. Itafute sasa, si usiku akiwa anaumwa.

Maranda ya msonobari au mwerezi yasiyotibiwa usiyatumie kama matandiko, kwani mvuke wake huwasha njia ya hewa na kulielemea ini. Mchanga wa choo cha paka unaoganda ukilowa nao uuache, kwa sababu sungura huonja kila kitu na mchanga huo huganda tumboni.

Hatua ya 1: Tayarisha mahali pake

Chagua pembe tulivu ya nyumba, mbali na spika, jiko na mlango unaofunguliwa kila dakika. Jua lisimpige moja kwa moja. Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 10 na 25 za Selsiasi. Likikaribia 30 yuko hatarini, kwa sababu hatoi jasho na joto la mwili hulipunguza hasa kupitia masikio.

Sakafu iwe bapa na yenye kitu cha kukanyagia. Nyayo za sungura hazina vifuko vya nyama kama za paka, ni manyoya matupu, hivyo sakafu ya waya humchubua na kumtia vidonda. Ukiwa na kizimba cha waya chini, funika kwa ubao au mkeka mnene.

Hatua ya 2: Msafirishe, kisha mwache atoke mwenyewe

Msafirishe ndani ya boksi gumu lenye matundu, chini ukiweka taulo ili asiteleze, na konzi ya nyasi kavu. Usimbebe mapajani. Ukifika, weka boksi lote ndani ya kizimba, fungua mlango wake, ondoka. Atatoka baada ya dakika tano au baada ya saa mbili, yote sawa. Kumvuta nje kwa mkono ndiyo njia ya hakika ya kumfundisha kwamba mkono wako ni adui.

Hatua ya 3: Siku tatu za kumwacha

Hii ndiyo hatua inayowashinda watu, hasa nyumba yenye watoto. Kwa siku tatu kazi yako ni kubadilisha maji, kuongeza nyasi, kuzungumza naye kwa sauti ya chini unapopita, na kukagua kinyesi. Basi. Asibebwe, asipelekwe kwa wageni, asikutanishwe na mbwa au paka.

Na asioshwe. Si siku hizi tatu tu, bali kamwe. Kumtumbukiza sungura kwenye maji humtia mshtuko na baridi kali, na manyoya yake mazito hukauka polepole sana. Anajisafisha mwenyewe. Akichafuka mahali, pafute hapo tu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na umkaushe.

Siku hizi utaona akijificha mchana kutwa, akipiga mguu wa nyuma chini kwa kishindo, na akila pale tu nyumba inapotulia. Hayo ni ya kawaida. Sungura huchangamka alfajiri na jioni, na mchana hupumzika. Kisicho cha kawaida ni kutokula kabisa. Ili usikisie, pima peleti kwenye mizani kabla ya kulala na uzipime tena asubuhi, kisha tandika karatasi nyeupe juu ya trei kwa siku hizo za mwanzo ili gololi za kinyesi zionekane. Gololi nzuri ni za duara, kavu, zinalingana ukubwa, na ukizivunja unaona nyuzi za nyasi ndani.

Hatua ya 4: Nyasi kavu, wakati wote, bila kipimo

Nyasi kavu ndiyo chakula chenyewe. Vingine vyote ni nyongeza. Zaidi ya asilimia 80 ya anachokula sungura kinapaswa kuwa nyasi, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni meno. Ana meno 28, yote hukua maisha yake yote, na yale ya mbele hurefuka takriban milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni ule mwendo wa taya wa kwenda upande kwa upande anaposaga nyuzi ndefu. Mkate mkavu hausaidii, kwa sababu huloa mate na kulainika papo hapo. Asiposaga nyasi, meno ya nyuma huota ncha zinazochana ulimi na mashavu, na hapo ataacha kula kwa maumivu.

Ya pili ni mwendo wa utumbo. Nyuzi ndizo zinazousukuma. Zikikosekana utumbo unapunguza kasi, gesi inajaa, na sungura hawezi kutapika wala kucheua ili apate nafuu.

Mpe kila siku rundo linalolingana na mwili wake, au zaidi. Ongeza mpya asubuhi na jioni hata kama za zamani hazijaisha, kwa sababu hupenda zenye harufu mbichi na huzikataa zilizokanyagwa. Aliye chini ya miezi 6 anaweza kupata pia alfalfa kavu, majani ya jamii ya kunde ambayo yana protini na kalisi nyingi za kujenga mifupa. Lakini changanya na nyasi za kawaida tangu mwanzo. Anayelelewa kwa alfalfa peke yake huzikataa nyasi akikua, na alfalfa inayoendelea kuliwa ukubwani huleta unene na mchanga kwenye kibofu. Kuanzia mwezi wa 5 ipunguze kidogo kidogo, hadi mwezi wa 7 iwe imeisha.

Nyasi mbichi ni nzuri, ila zianzishwe polepole kama mboga. Zile zilizokatwa kwa mashine ya bustani zitupe: zimepondwa, zinachacha haraka na hulijaza tumbo gesi.

Hatua ya 5: Peleti, na namna ya kuzibadilisha

Kwa siku nne za mwanzo mpe peleti za zamani tu, hata kama unajua kuna nzuri zaidi. Ukitaka kubadilisha, anza siku ya tano kwa kuchanganya robo ya mpya na robo tatu za zamani. Kaa hapo siku tatu. Gololi zikiwa nzuri, nenda nusu kwa nusu, siku tatu tena. Kisha robo tatu za mpya, halafu mpya tupu. Kinyesi kikilainika popote katikati, rudi hatua moja nyuma.

Sungura anayekua anahitaji peleti nyingi kuliko mkubwa, na hadi miezi 6 hivi si lazima umpimie kwa ubahili. Alama ya kutazama ni nyasi: kama nyasi zinabaki na bakuli la peleti linafutwa, peleti zimezidi. Baada ya hapo zipunguze polepole hadi takriban gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku.

Nunua peleti zinazofanana zote. Zile pakiti zenye mbegu, mahindi na vipande vya rangi ziache dukani, kwa sababu atachagua vitamu na kuacha vyenye nyuzi.

Maziwa? Hapana. Aliyeachishwa kunyonya hahitaji maziwa yoyote, na ya ng'ombe humharisha.

Hatua ya 6: Maji

Bakuli ni bora kuliko chupa ya kuning'iniza, kwani akiwa na bakuli hunywa kwa mkao wake wa asili na hunywa zaidi. Kama alikotoka alitumia chupa, mwekee vyote viwili kwa wiki moja. Badilisha maji kila siku, osha bakuli. Sungura hunywa kati ya mililita 50 na 150 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na asipopata maji huacha kula nyasi saa chache baadaye.

Hatua ya 7: Mboga, akitimiza wiki 12

Subiri. Akiwa ametimiza wiki 12 na gololi zake zimekuwa nzuri kwa wiki mbili mfululizo, chagua mboga moja. Osha, ukung'ute maji, mpe kipande kidogo kama kidole gumba chako. Usimpe nyingine kwa siku tatu. Asipolainika kinyesi, mboga hiyo imepita, ongeza kiasi kidogo kisha jaribu ya pili. Andika mahali ipi imepita na ipi imemkataa. Baada ya miezi miwili utakuwa na orodha yake mwenyewe, na orodha hiyo ina thamani kuliko yoyote utakayopewa na mtu.

Nzuri za kuanzia ni giligilani, mnanaa, rehani, majani ya karoti na saladi ya majani marefu ya kijani kilichokolea. Saladi nyeupe inayofunga duara ni maji matupu, haina faida. Kabichi na jamaa zake hujaza gesi kwa baadhi ya sungura, ziache hadi akomae, kisha uzijaribu kwa kiasi kidogo. Spinachi ina oksaleti (chumvi ya asili ya mimea) nyingi, iwe ya mara chache.

Karoti yenyewe, licha ya picha zote tulizokua nazo, ni tamu mno kwake. Kipande chembamba mara moja moja kinatosha. Matunda nayo yangoje hadi miezi 6, kisha yawe kijiko kimoja cha chai mara moja au mbili kwa wiki, bila mbegu.

Usimpe kamwe: parachichi, kitunguu maji wala kitunguu saumu, majani ya nyanya au ya viazi mviringo, chokoleti, mkate, biskuti, maharage, karanga. Mimea ya mapambo kama oleanda na mayungiyungi ni sumu. Mmea usioujua uuhesabu kuwa na sumu.

Hatua ya 8: Choo

Hii ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sungura huchagua kona. Tazama kona aliyochagua, weka trei hapo, na juu ya trei weka nyasi zake, kwa sababu hupenda kula huku akijisaidia. Gololi zilizotapakaa ziokote uzirudishe kwenye trei, mkojo ufute kwa maji yenye siki kidogo. Usimkaripie, haelewi. Safisha kona ya mkojo kila siku lakini acha gololi chache kama alama.

Kuhusu kula kinyesi: anapaswa kufanya hivyo. Hutoa aina mbili. Gololi kavu unazoziona, na kishada laini, cheusi, kinachong'aa, ambacho hukinyonya moja kwa moja kutoka mkunduni, mara nyingi usiku au alfajiri. Hicho kinatoka kwenye mfuko mkubwa wa utumbo uitwao sekamu, ambako vijidudu vimeshatengeneza vitamini za B na protini. Asipokila anapungukiwa. Ukikikuta kimeachwa sakafuni kila siku, maana yake peleti au vitamu vimezidi.

Hatua ya 9: Mzoeane sakafuni

Siku ya nne, kaa chini sakafuni ndani ya uzio wake au karibu na mlango uliofunguliwa. Chukua kitabu. Usimwite, usimfuate. Dakika 20 asubuhi, 20 jioni, saa zile anapokuwa macho. Atakuja kukunusa miguu, atakimbia, atarudi. Akikugusa kwa pua, usinyooshe mkono bado.

Baada ya siku kadhaa weka peleti mbili kwenye kiganja kilicholala sakafuni. Akila hapo bila woga, mguse paji la uso kwa kidole kimoja, ukiingia kutoka ubavuni. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua na chini ya kidevu. Mkono unaotokea hapo humshtua kwa sababu hakuuona ukija. Mkono unaoshuka kutoka juu, kwake, ni kipanga.

Akisaga meno taratibu huku umemgusa, ameridhika. Akijitupa ubavu ghafla akalala, ameridhika sana. Akiruka juu na kujipinda hewani, hiyo ni furaha tupu, na ukiiona ujue nyumba imekuwa yake.

Hatua ya 10: Kumbeba, pale tu inapobidi

Sungura wengi hawapendi kubebwa hata wakizoea mtu. Kubali hilo. Lakini unahitaji kujua namna, kwa ajili ya kumpima na kumpeleka kwa daktari.

Kaa chini kwanza, ili akiruka asianguke kutoka juu. Mkono mmoja uweke chini ya kifua nyuma ya miguu ya mbele, mwingine ukumbatie matako, kisha mlete kifuani kwako haraka na kwa uthabiti. Miguu ya nyuma isibaki ikining'inia. Mifupa yake ni myepesi mno ikilinganishwa na nguvu za misuli ya mapaja. Akipiga teke hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Usimshike masikio. Usimlaze chali ili "atulie" pia: ule utulivu ni woga wa mnyama aliyekamatwa.

Mpime kila wiki siku ile ile na uandike. Anayekua lazima aongezeke. Uzito ukisimama wiki mbili, au ukishuka wiki moja, kuna tatizo hata kama anaonekana mchangamfu, kwa kuwa sungura huficha ugonjwa hadi ashindwe.

Hatua ya 11: Mfungulie chumba

Wiki ya pili au ya tatu, akishatumia trei vizuri, mpe chumba kimoja. Kwanza ondoa au funika nyaya zote za umeme, maana kwake ni mizizi ya kukatwa. Angalia nyuma ya makabati. Chumba kimoja hadi akizoee, ndipo cha pili.

Dawa zinazoua

Usimpe dawa ya binadamu, ya mbwa au ya paka kwa kukisia. Amoksilini na penisilini za kumeza huua vijidudu vizuri vya utumbo wake na kuacha vibaya vitawale, na wengi hufa. Dawa za viroboto zenye fipronili, zinazotumika kwa mbwa na paka, ni sumu kwa sungura. Mweleze hata daktari, kwa upole, kwamba huyu ni sungura na umri wake ni huu.

Mambo yakienda kombo

*Hali chakula na hatoi kinyesi.* Saa chache za kwanza baada ya safari, ngoja. Zikifika saa 12 bila kula, hiyo ni dharura, na kwa sungura mchanga mimi singoji hata zifike. Mpeleke usiku huo huo. Njiani awe na joto na nyasi karibu.

*Anaharisha maji.* Dharura. Sungura mchanga huishiwa maji mwilini kwa saa, si kwa siku. Ondoa mboga zote, acha nyasi na maji, mpeleke. Chukua kinyesi kidogo kwenye mfuko, kwa sababu mara nyingi chanzo kwa umri huu ni vimelea viitwavyo koksidia, ambavyo daktari huviona kwa hadubini na vina dawa yake.

*Kinyesi ni laini na kimeshika manyoya, lakini gololi kavu zipo pia.* Si kuhara. Punguza peleti, simamisha mboga, ongeza nyasi. Msafishe mkia kila siku, hasa msimu wa nzi, kwa kuwa nzi hutaga mayai kwenye uchafu huo na funza hula nyama hai ndani ya saa 24.

*Amejikunja, tumbo gumu, anasaga meno kwa sauti.* Kusaga kwa sauti ni maumivu. Daktari, sasa.

*Hataki nyasi kabisa.* Badilisha aina au chanzo kabla ya kumlaumu. Nyingi zinazouzwa ni kuukuu. Changanya majani machache makavu ya mnanaa ndani yake, zijaze kwenye bomba la katoni, na upunguze peleti kwa robo. Akizitamani akazinusa lakini zikamwanguka kinywani, akaguliwe meno.

*Mkojo mwekundu au wa rangi ya chungwa.* Mara nyingi ni rangi itokanayo na mimea, hupotea baada ya siku moja au mbili. Mkojo mzito mweupe kidogo pia ni kalisi anayoitoa kwa kawaida. Ukiona matone ya damu yaliyojitenga, au anajikamua, mpeleke.

*Anapiga chafya.* Moja mbili kwenye nyasi zenye vumbi si neno. Zikiambatana na kamasi nyeupe, au miguu ya mbele imelowa kwa kujifuta pua, ni ugonjwa wa njia ya hewa.

*Anahema haraka, masikio ya moto, mate yanamtoka.* Joto limemzidi. Mhamishe kivulini, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, mwekee chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa ajiegemeze. Usimtumbukize. Piga simu kwa daktari huku ukifanya hayo.

*Anatafuna waya za kizimba usiku.* Amechoka kufungiwa. Mwongezee nafasi na saa za kutembea, na mpe mabomba ya katoni ya kuchana. Usimfungulie wakati ule ule anapotafuna, atajifunza kwamba ndiyo kengele yake.

*Alikuwa mpole, sasa anauma, anazunguka miguu yangu na kukojoa kila mahali.* Amebalehe. Madume huweza kuzalisha wakiwa na miezi 3 na nusu hivi, majike kuanzia miezi 4. Zungumza na daktari kuhusu kuhasi. Kwa jike pia ni kinga dhidi ya saratani ya mji wa mimba, ambayo ni ya kawaida kwao wakizeeka.

*Ndugu wawili waliokuwa wakilala pamoja wanang'oana manyoya.* Watenganishe leo, kwa uzio wanaoweza kuonana na kunusana. Kama ni dume na jike, au hujahakikisha, watenganishe wakifika wiki 12 hata kama hawagombani: mimba huchukua siku 31 tu, na jike anaweza kushika nyingine siku ile ile anayozaa. Baada ya kuhasiwa ngoja wiki 6, kisha waunganishe upya mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kupaita pake.